Jego Alijuaje Walikojificha

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa la heshima kabisa, ila mtandaoni hakuna aliyelijua. Huko aliitwa Jego. Alijichagulia mwenyewe, siku ya kwanza kompyuta ilipomwomba aandike jina la kuchezea, naye akatupa macho mezani na kukuta jego la plasta limemkodolea.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno: dirisha moja, meza mbili, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, na mashine ya kung'arishia iliyolia kama nyigu aliyefungiwa chupani. Daktari alichukua vipimo vya vinywa kule mbele. Yeye huku nyuma akamimina plasta, akachonga nta, akapanga meno moja baada ya jingine. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilimfundisha kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini meno yake hayadanganyi. Akishika kalibu ya plasta ya kinywa cha mtu asiyemjua, aliweza kukwambia huyu hutafunia kulia, huyu husaga meno usingizini, na huyu hufungua soda kwa meno na aache mara moja.

Michezo ya kompyuta ilimkuta ukubwani. Alikuwa na miaka thelathini na minane alipoteleza bafuni akavunjika mkono, na plasta ilipotolewa vidole vilikuwa vigumu kama vijiti. Fundi wa meno asiye na vidole ni sawa na mwimbaji asiye na koo. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiishi nao wakati ule, akamwekea mchezo kwenye kompyuta na kumwambia, "Dada, badala ya kukandakanda mpira kutwa nzima, zoeza vidole huku." Vidole vikapona. Mdogo mtu akapata kazi mbali, akahama. Mchezo ukabaki.

Wenyewe si mgumu kuueleza. Kuna timu mbili, watu watano kila upande, kila timu na ngome yake, na katikati msitu uliofunikwa na ukungu. Huoni kitu ila pale unaposimama wewe au mwenzako. Atakayebomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Mmoja kati ya watano hao kazi yake si kupigana. Yeye hutembea msituni akichomeka taa ndogo ndogo, ili wenzake wawaone maadui wakipita. Kazi hiyo haina sifa. Timu ikishinda, wanapongezwa wapiganaji. Ikishindwa, unaulizwa taa zilikuwa wapi. Jego aliipenda tangu siku ya kwanza.

Watu wengi hudhani mchezo ni mchezo tu, popote unapochezwa. Jego naye alidhani hivyo mpaka alipoanza kukutana na timu za kanda nyingine. Kwao kusini mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ukibonyeza kitufe, upanga ulijifikiria kwanza kabla ya kushuka. Kupigana ana kwa ana na mtu mwenye mtandao mzuri ilikuwa ni kujitafutia kifo, kwa hiyo wachezaji wa kusini walijifunza kukaa vichakani, kubahatisha adui atapita wapi, na kumngoja hapo. Wengine waliwacheka, wakawaita kobe. Jego na wenzake wanne wakalichukua tusi lile wakalifanya jina la timu: Kobe Watano.

Wa kaskazini walikuwa kinyume chao. Wengi wao walikulia kwenye kumbi za kompyuta za kukodi, ambako saa yako ikiisha unazimiwa, uwe umeshinda au hujashinda. Wakawa watu wa mbiombio: vita dakika ya kwanza, vita dakika ya pili, na kwao kurudi nyuma kulikuwa aibu kuliko kufa. Wa mashariki walifunzwa na makocha, wakimfuata nahodha kama vifaranga wanavyomfuata mama. Mwondoe nahodha, wengine wote wanabaki wakizubaa. Mambo haya Jego hakuambiwa na mtu. Aliyaona mwenyewe, jioni kwa jioni, akitazama marudio ya mechi za watu huku akikunja nguo, na lolote lililomvutia aliliandika kwenye daftari la shule lenye picha ya sungura.

Mwaka huo Kobe Watano wakafika nusu fainali ya kombe la kanda zote. Wapinzani wao walikuwa Ngurumo, timu ya kaskazini, nahodha wao kijana aliyejiita Radi. Mechi ilichezwa Jumamosi alasiri. Mume wake, fundi wa lifti, alikuwa amelala kochini na gazeti usoni. Mama mkwe alikuwa jikoni, akisikia sauti ya mke wa mwanawe ikitoka chumbani: "Subirini. Msiende. Nimesema msiende!"

Dakika ya thelathini na tatu ndiyo iliyoleta maneno. Ngome ya Ngurumo ilikuwa imebaki wazi, haina mtu, na nahodha wa Kobe, mwalimu wa hesabu wa sekondari ambaye wote walimwita Mwalimu, alishaanza kuikimbilia.

"Mwalimu, rudi," Jego akasema kwenye kipaza sauti.

"Hakuna mtu, Dada! Pako wazi!"

"Watatu wako kwenye kichaka cha mtoni. Wawili nyuma ya mnara uliobomoka. Rudi, tuwazunguke."

Mwalimu akarudi. Hapakuwa na taa mtoni wala mnarani. Kobe wakazunguka, wakavamia kichaka kwa nyuma, na watatu walikuwa humo kweli, wamejikunyata kama kuku mvuani. Dakika nane baadaye ngome ya Ngurumo ilikuwa kifusi. Mwalimu alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Jego akacheza dansi chumbani peke yake, akatoka kwenda kunywa maji huku akitembea kama bibi harusi.

Furaha hiyo haikumaliza hata siku. Jumapili asubuhi, kabla hajamaliza chai, ukaingia ujumbe wa waandaaji. Ngurumo wamelalamika. Mchezaji aitwaye Jego anashukiwa kutumia programu haramu ya kuondoa ukungu, inayomwezesha kuwaona wapinzani asiopaswa kuwaona. Mara tatu katika mechi alitaja walipo bila taa yoyote. Timu inasimamishwa. Atahojiwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa njia ya video.

Aliusoma mara nne. Chai ikapoa. Alihisi mwili wote unamwaka, kama mtu aliyeitwa mwizi sokoni na kila mtu akageuka kumtazama.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Nimeshtakiwa, mama."

"Mungu wangu! Kwa lipi?"

"Kwenye mchezo."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Mchezo gani huo wenye mashtaka? Si uliniambia ni mazoezi ya vidole?"

Mume wake hakucheka. Aliusoma ujumbe, akamrudishia simu. "Hujafanya, nakujua. Basi nenda ukawaambie hivyo." Kwa mume wake mambo yalikuwa mepesi, lifti ama inapanda ama haipandi. Lakini Jego alijiuliza, nitawaambia nini? Kuthibitisha kwamba umefanya jambo ni kazi. Kuthibitisha kwamba hukufanya, utaanzia wapi?

Kilichomuuma zaidi kilikuja jioni, Mwalimu alipompigia. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za kazi, kisha akashusha sauti.

"Dada Jego, mimi na wewe tumetoka mbali. Nataka uniambie ukweli tu, halafu tutajua la kufanya. Umetumia kitu?"

Jego akafunga mlango wa chumba.

"Miaka mitano, Mwalimu," akasema. "Miaka mitano umekuwa ukinisikia nikiotea adui alipo. Kwani nimeanza jana?"

"Si kwamba sikuamini. Ila nimetazama marudio. Dakika ya thelathini na tatu, hata mimi sielewi ulijuaje."

"Ulirudi nyuma nilipokwambia urudi. Mbona jana hukuuliza?"

Jego akakata simu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Kumbe mtu unaweza kucheza naye mechi mia nne, akasikia sauti yako kuliko anavyosikia ya ndugu zake, na bado siku moja akakuuliza kama wewe ni tapeli.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano alifanya kazi kama mtu aliyeazima mwili. Jumanne daktari aliingia karakanani na seti ya meno mkononi, akaiweka mezani taratibu.

"Fundi wangu, tazama hapa."

Jego akatazama. Alikuwa amepanga chonge la kushoto upande wa kulia, na la kulia kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Mzee wa watu nikimvisha haya," daktari akasema, "atakuwa anatafuna shavu lake mwenyewe. Unaumwa?"

"Siumwi, daktari. Nina kikao Alhamisi asubuhi. Naomba ruhusa ya nusu siku."

Daktari akamtazama juu ya miwani, akaona uso wake, akaamua kutouliza. "Chukua siku nzima," akasema. "Na haya yarudie leo, tafadhali."

Alhamisi alivaa gauni lake la kazini, akasuka nywele upya, akakaa mbele ya kompyuta robo saa kabla ya wakati. Kwenye skrini wakajitokeza watatu. Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, sauti haina haraka. Mwalimu alikuwapo kama nahodha, macho chini. Na Radi, ambaye Jego alimdhania mtu wa kutisha, alikuwa kijana mwembamba aliyevaa sare ya duka la vipuri, amejibanza mahali penye maboksi.

Mwamuzi alieleza shauri, akaonyesha vipande vitatu vya mechi, kisha akauliza, "Dada, ulijuaje?"

Jego alikuwa amejiandalia maneno marefu siku nne nzima. Yote yakayeyuka. "Niliotea," akasema.

Radi akaguna. "Mara tatu? Kwa kichaka, na kwa idadi ya watu?"

"Kijana, ngoja amalize," mwamuzi akasema.

Jego akavuta pumzi. "Si kuotea kwa kubahatisha tu. Niseme hivi. Watu wa kaskazini hawaachi ngome yao wazi. Hawajui kukaa kimya. Dakika tatu zikipita bila vita, wanawashwa. Sasa wakipotea wote watano kwa pamoja, hawajaenda kupumzika. Wamejificha karibu, na si mbali, maana hawawezi kuvumilia kusubiri mbali. Na wanajificha mahali penye njia fupi ya kurukia. Pale mtoni kuna njia fupi, na mnarani kuna njia fupi. Kwingine hakuna."

"Na wale watatu kwa wawili?" Radi akauliza.

"Mnagawanyika hivyo kila mara. Watatu wanaopenda kupigana pamoja, na wawili wa kufunga njia. Nimeandika." Akanyanyua daftari lake mbele ya kamera, sungura na yote.

Mwamuzi akavaa miwani. Alikaa akifikiri, kisha akasema, "Maneno ni maneno. Tufanye jaribio. Nitakuonyesha marudio ya mechi za zamani, majina nimeyafuta. Utaona upande mmoja tu, na wapinzani wao pale wanapopita penye taa. Nitasimamisha, nawe utaniambia wa upande wa pili wako wapi. Zungusha kamera tuone skrini yako na mikono yako."

Jego akaigeuza kamera. Mechi ya kwanza ikaanza. Jego akaomba aachiwe dakika nne kabla ya kujibu chochote, akaruhusiwa. Alitazama, midomo ikimchezacheza.

"Hawa ni mashariki," akasema. "Yule mwenye ngao ndiye nahodha, akisimama, wote wanasimama. Sasa hivi ngao haionekani. Basi wako pamoja naye wote, na ngao hupenda lango la juu. Lango la juu, watano."

Mwamuzi akafungua upande wa pili. Lango la juu, watano.

Ya pili akakosa. Alisema wako pangoni, kumbe wawili walikuwa pangoni na watatu walikuwa wamerudi kwao kujitibu. Kwenye skrini Radi alikuwa ameinama mbele, na Mwalimu amefumba macho kabisa.

Ya tatu ikaanza. Hii aliitazama muda mrefu kuliko zote. Akainamisha kichwa upande mmoja, akakirudisha, kama afanyavyo karakanani akigeuza kalibu kwenye mwanga.

"Hawa ni kaskazini," akasema polepole. "Wanne wako bondeni, wanangoja kuruka. Lakini huyu mmoja…" Akasogea karibu na skrini. "Huyu mmoja si wa kwao. Tangu mwanzo anabaki nyuma, anachomeka taa, anazunguka. Wenzake wakirukia vita yeye anarudi hatua mbili. Huyu amefundishwa kwetu. Hayuko bondeni. Yuko kichakani peke yake, karibu na kisima, anangoja mtu wa kukimbia apite."

Mwamuzi akafungua. Wanne bondeni. Mmoja kichakani, hatua chache kutoka kisimani.

Ikasikika sauti ya kicheko, na aliyecheka alikuwa Radi.

"Ile ni mechi yetu," akasema. "Ya mwaka juzi. Huyo wa kisimani alihamia kwetu kutoka kusini, akacheza nasi miezi sita. Tulimtoa kwenye timu. Tulisema ni mwoga."

"Hakuwa mwoga," Jego akasema. "Alikuwa anawasubiri nyinyi mumfukuzie watu kwenye mtego. Nyinyi mkawa mnawaua wote kabla hawajafika."

Radi akajikuna kichwa. "Miezi sita alikuwa anatuambia hivyohivyo." Akamgeukia mwamuzi. "Mama, mimi naondoa lalamiko. Programu ingejua na lile la pili, isingekosa. Huyu dada anatujua tu." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyejiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza, akaongeza, "Kwani sisi ndivyo tulivyo? Hatuwezi kusubiri dakika tatu?"

"Nimewahesabia," Jego akasema. "Mbili na nusu."

Hata mwamuzi akacheka. Lakini sheria ni sheria, akasema. Wataalamu wake walikuwa bado wanakagua kumbukumbu za kompyuta ya Jego, na uamuzi ungekuja kwa maandishi kabla ya jioni. Kikao kikafungwa.

Jego hakuweza kukaa nyumbani kungoja. Siku nzima aliyopewa hakuitumia. Alikwenda zake hadi karakanani, akavaa aproni, akawasha mashine ya kung'arishia. Saa tisa na dakika kumi simu ikatikisika mezani kati ya vipande vya nta. Alifuta vumbi kwenye vidole, akasoma. Hakuna programu yoyote iliyopatikana. Lalamiko limeondolewa. Matokeo ya mechi yanabaki. Kobe Watano wako fainali.

Akakaa juu ya gunia la plasta, mashine ikiendelea kulia yenyewe, akacheka huku machozi yanamtoka, hata hakujua kipi kilitangulia. Daktari akachungulia mlangoni.

"Kuna msiba?"

"Hapana, daktari. Nimesafishwa."

"Nani alikuchafua?"

"Ni habari ndefu," akasema, akapangusa uso kwa kiganja na kujipaka plasta kuanzia jicho hadi kidevuni. Daktari akavuta kiti. Akasimuliwa yote, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, wagonjwa wawili wakakaa kule mbele wakisubiri bila kujua wanasubiri nini.

Jioni Mwalimu akapiga simu. Safari hii hakuzunguka.

"Dada, nimekosa. Nilipaswa kuwa wa mwisho kukushuku, nikawa wa kwanza."

Jego alikuwa amejiandalia maneno makali ya kumjibu. Alipoyatafuta hakuyaona yalikokwenda. Mwili ulikuwa mwepesi mno kubeba hasira. "Ulikosa kweli," akasema. "Siku nyingine ukiwa na shaka, niulize nilijuaje, usiniulize nimetumia nini. Hayo ni maswali mawili tofauti."

"Nimekuelewa."

"Haya. Jumamosi tunacheza na mashariki. Kalale."

Alipoweka simu, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Enhe? Umeshinda kesi?"

"Nimeshinda, mama."

"Nilijua tu. Mtu anayetambua kwa kutazama tu kwamba naficha pipi shavuni, hahitaji mashine." Akaondoka zake, na kweli shavu moja lilikuwa limevimba.

Fainali ilichezwa Jumamosi alasiri. Mume wake alileta kiti akakaa nyuma yake, mara ya kwanza kabisa, akauliza maswali yote ya mtu asiyejua kitu: huyu nani, taa hii ya nini, mbona hamwendi. Alipoanza kuelewa, ikawa balaa zaidi, akawa anaonyesha skrini kwa kidole, "Wale pale! Wale pale!" wakati wale pale walikuwa ni Kobe wenyewe.

Walishindwa. Vijana wa mashariki walikuwa wamebadilisha nahodha asubuhi ile ile, na Jego alimfuata yule wa zamani nusu saa nzima kabla ya kugundua kwamba hafuatwi tena na mtu. Ilikuwa mbinu safi, hakuna wa kumlaumu. Alicheka peke yake alipoing'amua, akafungua daftari akaandika mstari mmoja. Mwalimu na wengine walinung'unika kidogo, wakaagana.

"Pole," mume wake akasema, akimshika bega.

"Pole ya nini?" Jego akavua vifaa vya kusikilizia, akajinyoosha hadi mifupa ikalia. Jua lilikuwa bado juu. Tangu Jumapili iliyopita alikuwa akilala kwa kukatikakatika, nusu saa hapa, nusu saa pale, akiota anahojiwa. Alikwenda chumbani, akajitupa kitandani na nguo zake zote, na kabla mume wake hajafunga pazia alikuwa tayari anakoroma.